Mafundo Saba ya Kigauni cha Rufina

Kabla ya yote namwomba Mungu anisamehe, na wewe unayesoma usinihukumu upesi. Mimi shule niliishia darasa la nne, kupanga maneno vizuri siwezi. Lakini haya sikusimuliwa na mtu. Mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyafanya kwa mikono yangu hii.

Jioni ile nilitoka kwenda kuomba kaa la moto. Kiberiti changu kilikuwa kimelowa, na viazi viko chunguni vinaningoja. Nikachukua kigae, nikajifunika shali la sufu, nikaelekea kwa Eudosia, jirani yangu. Tangu nimsimamie bintiye Rufina kwenye ubatizo, tunaitana komadre. Siku hiyo ilikuwa ya nane tangu tumzike Rufina huyo. Alikuwa na miaka mitatu. Kifua kilimbana Jumanne, Alhamisi hatunaye.

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima. Kwetu huku juu jua likiondoka tu, baridi inakukamata hapo hapo.

Nilipofika kwenye ukuta wa mawe wa zizi la komadre, nikasikia kitu.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Kama kucha juu ya kitambaa kigumu.

Nikadhani ni kondoo anajikuna. Kisha ikanijia harufu. Harufu ya gunia la unga lililofuliwa kwa sabuni ya majivu likaanikwa kabla halijasuuzika vizuri... mbichi, yenye uchachu kidogo. 

Gunia lile nililifua mimi.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, niungame.

Kwetu mtoto mdogo akifa anahesabiwa malaika, na mama yake wa ubatizo ndiye anayemtafutia kigauni cheupe cha kuzikiwa. Mwaka ule nilikuwa nimeanza kujifunza kushona, mwenyewe, nyumbani, bila mwalimu. Nilikuwa na sindano moja, kibonge cha uzi mweupe, na mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Kitambaa cha dukani kilinishinda, kwa hiyo nilishona magunia ya unga. Nilipima kwa kamba, nikakata kwanza gazeti, nikalilaza juu ya gunia na kulifuatisha kwa mkaa. Aproni yangu ya kwanza nilipoivaa kwenda kuteka maji, wanawake walicheka mpaka ndoo zikawamwagikia.

"Domitila, hiyo ni aproni au gunia la viazi limeota kamba?"

"Mwacheni bwana, anamjaribishia punda wake!"

Nilicheka nao. Lakini iliniuma.

Basi Rufina alipofariki, mimi, Mungu wangu, nilikiona kifo cha mtoto kuwa nafasi ya kuwaonyesha. Fedha ya kumpa fundi, soli chache, nilikuwa nayo, nimeiweka ninunue mkasi mzuri. Nikasema, kigauni nitashona mwenyewe.

Sasa, nguo ya maiti haipigwi fundo. Hata mtoto wa kwetu anajua. Uzi unashikizwa kwa kurudisha sindano mara mbili mahali pale pale, basi, unaacha. Fundo linamfunga marehemu, roho haipati njia. Lakini mkono wangu ulikuwa haujajua kurudisha sindano. Nikivuta, uzi unachomoka. Narudia, unachomoka. Uani jeneza lilikuwa linapigiliwa misumari, na watu wananiulizia. Nikapiga fundo. Moja tu, nikajiambia.

Nilipomaliza yalikuwa saba. Nikayaficha upande wa ndani.

Bi Leocadia, fundi wetu, alikishika kigauni akakigeuza kwenye mwanga.

"Umejitahidi, mama. Pindo limepinda kama njia ya mbuzi, lakini umejitahidi." Kisha akaniinamia sikioni. "Fundo hujapiga, eti? Maana aliyefunga ndiye tu anayeweza kufungua."

"Hata moja, Bi Leocadia."

Hivyo ndivyo nilivyosema, mbele ya mshumaa na mbele ya msalaba. Tukamvika.

Turudi kwenye ule ukuta. Nilichungulia.

Alikuwa amekaa chini, kanipa mgongo. Kigauni cheupe. Mabawa ya karatasi tuliyomzika nayo kama malaika yamelowa, yamelala. Alikuwa anakwaruza pindo kwa kucha zilizolika mpaka kwenye nyama, bila haraka, kama mtu ambaye amefanya hivyo siku nyingi.

Akaacha.

"Mama Domi..."

Sauti ilikuwa ile ile, ya mtoto aliyeamshwa usingizini.

"Mama Domi, nifumulie. Inabana."

Kigae kilinidondoka. Nilikimbia, na viazi vile havikuiva.

Kesho yake sikuweza kula. Alasiri nikachomeka sindano kwenye shali, nikaenda kwa komadre kumwambia ukweli wote. Nilitegemea nitamkuta analia. Nilimkuta amechana nywele, amefagia, na mlangoni ameweka bakuli la mahindi ya kuchemsha na kipande cha jibini.

"Karibu, Domi. Kaa. Anakaribia kuja."

"Nani, komadre?"

Akanitazama kama anayemwonea huruma mjinga. "Nani mwingine? Kila jioni anakuja. Hali chakula, lakini anakaa."

Nikapiga magoti. Nikamwambia yote. Gunia, uzi, mafundo saba, na uongo wangu mbele ya msalaba. Nilijifunika uso nikingoja anipige.

Akanishika mikono. Akaibusu.

"Mungu akubariki kwa kutojua kwako kushona," akasema. "Ungekuwa fundi, nisingemwona tena."

Nimewahi kupigwa maishani. Hakuna kipigo kilichoniuma kama busu lile.

"Komadre," nikamnong'oneza, "vidole vyake umeviangalia?"

Akaiachia mikono yangu.

"Anakwaruza mchana na usiku. Kucha zimekwisha, Eudosia. Amebakiza nyama."

 Nje mbwa wote walikuwa wameacha kubweka.

"Basi mfungulie," akasema mwishowe. "Mfungulie mwanangu, apumzike."

Harufu iliingia kwanza. Halafu baridi, kwa chini, kama maji yanayopita miguuni.

Alisimama kizingitini.

Sikumtazama usoni, na namshukuru Mungu kwa hilo. Nilikaa chini nikafumba macho. Akaja mwenyewe, akasimama katikati ya magoti yangu, kama alivyokuwa akisimama nikimsuka. Nikapeleka sindano kwa kupapasa. Nikasali Baba Yetu, nikakosea maneno, nikaanza upya.

Fundo la kwanza, pindoni. Likaachia.

La pili. La tatu.

Kila moja lilipoachia, alishusha pumzi. Haikuwa na joto pumzi ile. La nne na la tano, kwapani. La sita, ubavuni. Nilihisi kitambaa kinakuwa chepesi mkononi, na yeye pia anakuwa mwepesi, kama mtoto anayeanza kusinzia.

Limebaki moja. Kisogoni, chini ya nywele. Nikaliingizia ncha ya sindano.

Mkono ukanishika kiganja.

Mkono wa moto. Wa mtu aliye hai.

"Liache hilo moja, komadre." Eudosia alikuwa amepiga magoti nyuma ya mwanawe. Nilifumbua macho nikauona uso wake tu. "Moja tu. Halitamwumiza moja. Niachie kidogo... nimwone kidogo tu."

Ningeweza kuvuta. Ilihitaji kuvuta mara moja. Lakini nilikuwa nimeshamkosea mama yule, na nilitaka kumpa kitu. Nikajiambia ni huruma. Leo najua ulikuwa woga.

Nikachomoa sindano.

"Bado moja, Mama Domi," mtoto akasema.

"Kesho, mwanangu," nikamjibu.

Hakulia. Alisimama pale kidogo, halafu akatoka, taratibu.

Kesho yake nilienda, nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Keshokutwa vile vile. Niligonga, komadre akanijibu kwa ndani, "Wiki ijayo, Domi." Wiki ijayo ikawa mwezi. Nilimsikia akiimba mle ndani jioni, na nilipokutana naye sokoni alikuwa amekonda, lakini anacheka. Nami nilichoka kugonga. Hilo nalo naliungama.

Mwezi wa Juni, kwenye barafu kali, kifua kikamkamata Eudosia. Siku nne tu. Bi Leocadia alimshonea nguo yake ya safari, kazi safi, bila fundo hata moja. Aliondoka vizuri. Tulipokuwa tunamsalia niliiona sura yake imetulia, kama mtu aliyefika.

Amefika, naamini. Lakini mwanawe hayuko huko.

Nyumba ile sasa ni tupu, paa limeanza kuingia ndani. Na kila jua likizama anakuja. Nasikia anasukuma mlango. Anaita mama mara mbili, tatu... Anangoja ajibiwe. Halafu, kwaru... kwaru...

Padre nimemwambia. Alinisikiliza, akaniombea, akaubariki ule mlango. Hakuniambia kama ananisadiki.

Jana nilienda tena na sindano. Nilikaa chini kizingitini, nikatandaza sketi yangu, nikamwita kwa jina lake la ubatizo. Nikamwambia, njoo, mwanangu, leo kweli. Alikuwa kwenye kona ya zizi, mbali kidogo, mkono mmoja kisogoni, amelifunika lile fundo la mwisho.

Nikamwita mpaka sauti ikanikauka.

Alinitazama tu. Halafu akarudi nyuma hatua moja.