Mlio Ndani ya Goti

Ijumaa saa tatu asubuhi mtaalamu wa mazoezi ya viungo alifika mapema kuliko kawaida yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alisalimia, akachuchumaa kando ya kitanda, akaanza mwenyewe kufungua gango, ile kanda nene ya sponji yenye mikanda ya kunata iliyoushika mguu wa Inspekta usijikunje. Mkanda wa mwisho ulipoachia, akainua macho.

"Inspekta," akasema, "hili limeanza lini?"

Ubavu wa nje wa goti ulikuwa mwekundu, umevimba, una malengelenge yanayotoa maji, na kucha za mwenye goti zilikuwa zimemalizia uharibifu. Kovu la upasuaji wa kuwekewa goti la bandia, lililopita katikati ya goti kutoka juu hadi chini, lilikuwa limefunga vizuri kabisa.

"Siku kadhaa sasa. Nilidhani ni joto."

Kabla yule bwana hajalichunguza gango, mdogo wake Inspekta, aliyekuja kumuuguza dada yake tangu upasuaji, alikuwa amelinyakua. "Niachie mimi, linanuka jasho," akasema, akatoka nalo kwenda kulianika kibarazani, kama alivyofanya kila siku ya mazoezi. Kwa kawaida lilikuwa limekwisha kuanikwa mgeni anapobisha hodi.

Inspekta alikuwa amestaafu upolisi miaka mingi, lakini cheo kilimganda kama jina la ubatizo. Maisha yake yote ngozi yake ilikataa chuma. Hereni za bei rahisi zilimvimbisha masikio, na pingu zilimwasha viganja, hadi wenzake kazini wakawa wanamtania kwamba ndiye askari pekee anayeziogopa pingu kuliko wezi. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alikuwa na baka jeusi la mviringo. Alilipata kwa kuvaa saa ya mumewe wiki nzima baada ya mazishi, akijua fika itamdhuru, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine chake cha kushika.

Mtaalamu alipomaliza mazoezi, mdogo mtu alilirudisha gango na kulifunga. Mwanawe Inspekta, fundi majokofu mwenye hasira za karibu, aliingia akiwa bado na bisibisi mfukoni. Alipoelezwa, alipandisha mori.

"Walimwekea chuma cha kawaida! Tuliwaambia Mama ana mzio, wakatuahidi goti maalumu, kisha wakabadilisha. Huu ni uhalifu, na mtu atafungwa."

Alimpigia simu daktari papo hapo, na sauti yake ilisikika hadi kwa jirani. Aliporudi alikuwa amepoa kidogo. Daktari ataliangalia goti kesho. Ikibidi, atalifungua Jumatatu asubuhi na kulitoa.

Mdogo mtu, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni, aliuliza, "Kulitoa lote?"

"Lote, Mama Mdogo."

Mdogo mtu alisogea kitandani, akanyoosha mkono kwenye mikanda ya gango. Inspekta akamzuia. "Liache. Kuanzia sasa nitalivua na kulivaa mwenyewe. Linaniuma likiguswa."

Hilo la kuuma lilikuwa uongo. Alikuwa ameona jinsi gango lilivyonyakuliwa, na ingawa hakuwa na hoja yoyote, jicho la kazi halikustaafu pamoja naye.

Kwanza alianza na aliyekuwa karibu. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa bado anafunga mkoba wake.

"Yale mafuta unayonipaka, umeyabadilisha?"

"Hapana, ni yaleyale. Na ninakupaka miguu yote miwili."

Inspekta akafunua mguu wa pili. Ngozi ilikuwa laini, haina hata kipele. "Basi wewe nenda salama," akasema, na yule bwana akacheka kwa woga wa mtu aliyeponea chupuchupu asijue ameponea nini.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Inspekta alikuwa amemwambia mdogo wake tu. Goti lilikuwa na mlio. Daktari alimwonya mapema kwamba goti la bandia huweza kugonga unapolikunja, na hilo hakulijali. Huu mwingine ulikuja akiwa amelala, mguu umetulia, mchana nyumba ikiwa kimya. Tik, tik, tik, kwa kasi ileile, kisha unafifia na kufa. Aliujua mlio ule. Ulikuwa umelala kando ya sikio lake kwa miaka thelathini ya ndoa. Kila asubuhi mumewe alitingisha mkono kama anayetikisa chupa ya dawa, akisema anamwamsha mtumishi wake, na saa ikaanza kazi.

Siku alipomsimulia mdogo wake, sahani ilimponyoka yule mama ikapasuka vipande. "Ni mawazo, Dada," alisema akiokota, bila kumtazama. "Au shemeji anakuita." Tangu hapo Inspekta aliogopa mguu wake mwenyewe. Alikuwa ameingia nyumba za wauaji bila kutetemeka, na sasa alivuta shuka hadi kidevuni kwa sababu ya goti. Alimkumbuka mumewe alivyokuwa mwishoni, amekonda, anaomba maji, na akawaza kama kweli ameamua kumfuata, akaanzia kwenye mfupa.

*

Jumamosi saa nne walikuwa kwa daktari wa mifupa. Gango lilikaa mapajani mwa mwanawe huku koridoni watoto wakilia na magurudumu ya vitanda yakipiga kelele.

"Daktari, nitakuuliza kama nilivyozoea kuuliza," Inspekta alisema. "Usikasirike."

"Uliza."

"Ulinitia goti gani?"

"Lile tuliloagiza. Limepakwa tabaka linalozuia chuma kisigusane na mwili. Na wewe ni shahidi. Ulichomwa ganzi ya kiunoni, ulikuwa macho, ukatusumbua hadi muuguzi akakuonyesha."

Ilikuwa kweli. Alikumbuka kitu kilichopinda vizuri, kinang'aa rangi ya dhahabu chini ya taa, na alivyosema kwamba hajawahi kuvaa pambo la maana hivyo. Mwanawe akainamisha kichwa. Mtuhumiwa wake mkuu alikuwa amesafishwa na mama yake mwenyewe.

"Basi kwa nini ninaungua?"

Daktari alivua miwani. "Sijui, na sipendi kutojua. Mzio wa goti la chuma upo, lakini wengi wanaopata maumivu baada ya upasuaji huwa chanzo ni kingine. Mara ni vijidudu, mara goti limelegea. Nimepima hivyo vyote na ni salama. Hata kipimo cha ngozi hakiwezi kuniambia kwa uhakika ndani kunaendelea nini. Na mguu umekakamaa, kwa sababu kwa maumivu haya hufanyi mazoezi sawasawa."

"Chuma kimelikamata goti zima. Mbona hasira zake ziko ubavu mmoja?"

"Hilo nalo linanikosesha usingizi. Lakini ngozi ikiendelea kuchanika hivi, vijidudu vitaingia hadi kwenye goti. Nikifungua, mfupa utapungua, na kuna hatari mguu ubaki umenyooka hivyo maisha yako yote. Sikufichi. Unanipa ruhusa?"

"Nipe mpaka kesho jioni."

Njiani Inspekta aliwaza ngazi za nyumba yake, bafu lake, na barabara ya kwenda makaburini aliyokuwa akiitembea kila mwezi. Aliona aibu kwa jinsi alivyotaka kulia.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana alivua gango, akaketi peke yake kitandani na kulitazama goti kama alivyotazama zamani nyayo kwenye matope. Kandokando kulikuwa na ukurutu wa kujikuna, umesambaa ovyo. Katikati, palipoungua zaidi, palikuwa na umbo. Alipinda mgongo, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya goti. Baka la kifundo na donda la goti vilikuwa na mviringo uleule, upana uleule.

Akamwita mdogo wake.

"Mdogo wangu, ile saa ya marehemu iko wapi? Nataka nimpe mwanangu."

"Ipo kabatini, nadhani. Mbona leo?"

"Nimeikumbuka tu."

"Nitaitafuta, Dada. Pumzika kwanza." Uso ulikuwa umemshuka. Alinyoosha mkono kulichukua gango. "Nilianike hili, lina jasho."

"Liache palepale."

Mlango ulipofungwa, Inspekta alilifunga gango mguuni, akashika kitembeleo chake cha miguu minne, akaanza kuzunguka chumba. Dirishani, mlangoni, dirishani tena. Kila hatua ilimtoa jasho, naye akajikaza kisabuni. Kisha akalala, akasubiri. Ukaja. Tik, tik, tik.

Kwa kitambo hakuwa askari wala mstaafu, alikuwa mjane tu, na mumewe alikuwa chumbani. "Ukiwa ni wewe," alinong'ona, "niache kwanza nitembee." Kisha akafanya jambo ambalo woga ulimzuia kulifanya siku zote zile. Akafungua mikanda, akalivuta gango na kuliweka kwenye mto, mbali na mguu. Akatega sikio kwenye goti. Kimya. Akatega sikio kwenye gango.

*

Mdogo mtu aliingia na chai saa kumi. Alimkuta dada yake ameketi kitini, mguu umenyooshwa, na juu ya meza gango limelala wazi. Mfuko wa ubavuni, unaobeba kipande cha plastiki cha kulikaza, ulikuwa umefumuliwa. Kando yake ilikuwepo saa isiyo na mkanda, mgongo wake wa chuma ukiwa juu.

Vikombe vikagongana kwenye sinia.

"Weka chini, usije ukajiunguza," Inspekta alisema. "Ulilishona vizuri. Nisingejua kama isingeongea."

"Ilikuwa imekufa." Mdogo mtu alilitua sinia. "Niliitoa kabatini imekufa, Dada. Uliponiambia goti lina mlio niliifumua nikaiweka sikioni. Kimya. Nikasema shemeji ameniona. Sijalala tangu siku ile."

"Haina ufunguo. Inaamka ukitembea nayo. Ulimuuguza mwaka mzima, hukumwona akiitingisha?"

"Wakati wangu mimi hakuwa tena na nguvu ya kutingisha mkono."

Hilo lilimchoma Inspekta mahali asipopatarajia. Mwaka ule yeye alikuwa kazini, akifukuzana na wezi wa watu wengine.

"Uliona saa ilivyonifanya mkono. Ukajua goti litafanya hivyohivyo, na kila mtu atalilaumu goti la daktari. Kwa nini?"

"Nilitaka ikuwashe tu. Wiki mbili, tatu zaidi."

"Za nini?"

Mdogo mtu aliketi sakafuni, kama anavyoketi mtu aliyechoka miaka. "Nilimuuguza Mama, alipokufa nikaambiwa ahsante. Nikamuuguza shemeji, alipokufa nikaambiwa ahsante, na kaka yetu akanibebea sanduku hadi stendi. Hakuna anayeniita akiwa hana mgonjwa. Hapa mlikuwa mnaniuliza nimekula. Mwanao ananiita asubuhi, Mama Mdogo, umeamkaje? Halafu Jumatatu ile ulikunja goti vizuri, ukacheka, ukasema, bibie, karibu utarudi kwako ukapumzike. Kwangu kuna nini, Dada? Kitanda na ukuta."

"Na walipotaja kunifungua tena?"

"Tangu Ijumaa hukuniruhusu kuligusa. Nilitaka kuitoa."

"Mdomo sikukuzuia."

Machozi yalimtoka mdogo mtu bila sauti.

"Ungeniacha nipasuliwe," Inspekta alisema. "Ungeniacha nibaki na mguu mkavu, ili uwe na mtu wa kumfunga mikanda. Nimekuchukia saa nzima hii, mdogo wangu. Bado nakuchukia."

"Najua. Nitafunga vitu vyangu."

"Utavifunga. Hulali tena hapa. Daktari nimekwisha kumpigia, kesho hakuna kisu. Mwanangu anakuja saa kumi na moja, na utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele yangu."

Mdogo mtu alitikisa kichwa kukubali, akainuka, akaelekea kwenye sinia kumimina chai kwa mazoea ya mikono yake.

"Acha," Inspekta akasema. "Kaa."

Alishika kingo za kiti, akajiinua. Goti liliwaka moto, likapinda kidogo, likamshika. Alikivuta kitembeleo, akaenda hatua moja moja hadi kwenye sinia. Akamimina kikombe kimoja, akatia sukari kama mdogo wake alivyopenda tangu utotoni, akakisukuma mezani. Chai nyingine ilimwagika, na mdogo mtu akanyanyuka kuifuta.

"Nimesema kaa. Jumapili ijayo utakuja tena saa kama hii. Hakuna beseni, hakuna gango. Utakuja mgeni, utaketi, na mimi nitakumiminia. Sijui kama nitakuwa nimekusamehe. Utakuja hivyohivyo."

Mdogo mtu alikishika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa. Juu ya meza, kati yao, saa ilikuwa bado inatembea kwa hatua zile ilizotembezwa mchana. Waliisikiliza wote wawili. Ilikuwa ikichoka, na hakuna aliyenyoosha mkono kuitingisha.