Kurasa Zilizofungia Karanga

Kila siku ya treni, Misenga alikaanga karanga asubuhi, akazipepeta, akazibeba kwa beseni hadi stesheni ya Kindu. Huko aliwauzia abiria, akiwafungia katika karatasi zilizokunjwa kama pembe. Karatasi zenyewe zilikuwa daftari zake za mwaka uliopita.

Nyumbani waliishi watatu: yeye, mama yake aitwaye Françoise, na Kalume, mtoto wa miaka mitano. Mama yake Kalume, mdogo wa Françoise, alifariki huko Punia, na tangu mtoto aletwe Kindu hakuwa amesema neno. Aliimba tu, tena pale tu alipofunguliwa kitabu cha nyimbo za watoto, chenye bata, jogoo na sokwe waliochorwa kwa rangi. Jioni Mama aliweka kidole juu ya picha, na Kalume akaimba kwa sauti ndogo kama ya mbu:

"Bata wa ng'ambo, umevuka na nani?"

Mama alisema kitabu kile ndicho mlango wa maneno yake.

Siku moja karatasi zilimpungukia Misenga stesheni. Princesse, aliyeuza karanga kando yake, akamcheka mbele ya abiria.

"Dada, leo wateja wako watakula karanga kwenye kofia?"

Watu walicheka, na Misenga alirudi nyumbani na karanga zake na aibu yake. Siku ya treni iliyofuata ilipofika, daftari hazikuwa zimebaki hata moja. Mama alikuwa mtoni akifua. Misenga akachukua kitabu cha nyimbo, akang'oa kurasa za katikati. Karanga ziliisha upesi, abiria wakisifu zile picha.

Jioni Mama alifungua kitabu, akakuta pengo. Akauliza ni nani. Kinywa cha Misenga kilitangulia moyo.

"Ni Kalume, Mama. Nilimkuta akichana."

Kalume alimtazama. Hakulia, hakutikisa hata kichwa. Mama akakifungia kitabu sandukuni, akasema mtoto hatakigusa mpaka ajifunze kutunza vitu.

Tangu jioni hiyo nyimbo zikakoma. Kalume alishinda kizingitini, na Misenga akimpa chakula, alisubiri kwanza aondoke ndipo ale. Misenga alijiambia kwamba mtoto ni mtoto, atasahau. Hakusahau. Mwishowe Mama alisema amechoka kubahatisha kinachomsumbua mtoto. Labda hapa hapamfai, atampeleka Pangi kwa shangazi yake.

Misenga akaona nguo za Kalume zikikunjwa, akamshika Mama mkono.

"Mama, mutoto hakuchana. Njo mimi nilikichana. Nilifungia karanga."

Mama aliweka nguo chini. Akasimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Miaka ya vita, treni ilipokuwa haifiki na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ililiwa bila chumvi, bibi yake Misenga naye aliuza karanga, na karatasi hazikupatikana. Alimwita Françoise, akamwonyesha vitabu vyake vya shule, akamwuliza kama vichanwe. Françoise alikubali, akavichana kwa mikono yake mwenyewe, na darasa la nne likawa mwisho wa masomo yake. Aliomba kibaki kimoja tu, hiki cha nyimbo.

"Njaa ninaijua," Mama alisema. "Wewe hukuwa na njaa, ulikuwa na aibu. Hata hilo ningelisamehe. Lakini mimi niliulizwa. Kalume hana kinywa cha kujitetea, nawe ukamtwika mzigo wako kwa sababu ulijua hawezi kuutua."

Akapiga magoti mbele ya Kalume, akamwomba radhi kwa kumwadhibu bila kosa. Misenga naye akaomba. Mama akampa mtoto kitabu. Kalume alikifungua, akafika penye pengo, akakifunga, akakirudisha. Hakuimba.

Misenga akaanza kulia.

"Usilie ili akuhurumie," Mama alisema. "Umesema kweli, lawama imemtoka, na Pangi haendi. Hilo limekwisha. Lakini uongo husemwa mara moja tu, mwanangu. Kuaminiwa tena ni kazi ya kila siku. Anza leo. Kaa hapo, uimbe wewe."

Misenga akakaa. Akaimba peke yake, sauti ikikatika, huku Kalume amempa mgongo. Kesho yake jioni akaimba tena.