Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Jumanne hiyo nilifunga kibanda changu cha vifungo na zipu pale Ngara saa kumi na mbili kasorobo, nikatia daftari mkobani. Mdogo wangu Lenox alikuwa amenipigia simu mara tatu. Bintiye wa wiki tatu alikuwa akilia kwa siku ya tisa, na hospitalini hawakuona ugonjwa.

Mimi nililijua tatizo. Kwetu Siaya, mtoto akilia hivyo anadai jina. Unamwitia wafu wa ukoo, mmoja mmoja. Atakaponyamaza, huyo ndiye aliyerudi. Aliye hai haitwi. Kamwe. Daftari hilo nimelitunza tangu nilipomaliza kidato cha nne: nani alizaliwa, nani alikufa, nani alichukua jina la nani.

Lenox anakaa Kilimani, ghorofa ya nane. Mlango ulipofunguliwa sikuitambua sebule. Mwezi uliotangulia walikuwa na viti vya plastiki. Sasa palikuwa na friji ya milango miwili. Televisheni pana kama kitanda. Sofa ya ngozi, bado imo ndani ya nailoni. Harufu ya vitu vipya ilijaa kila mahali, na chini yake harufu nyingine...

Udongo mbichi. Kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

"Sista, bado unabeba hiyo kitabu? Si uweke kwa simu," Lenox alisema, akicheka bila kunitazama.

"Simu huibiwa. Hii nani ataiba?"

Hakucheka tena.

Pembeni mwa sofa alikaa mwanamke mwenye gauni la kijivu, mikono mapajani. "Mgeni wetu," Lenox alisema, asiseme zaidi. Mwanamke aliinamisha kichwa kunisalimu. Alisogea, lakini nailoni aliyoikalia haikutoa hata mlio mdogo.

Chumbani, Ivyne, mke wa Lenox, alikuwa amemkumbatia mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sista Vero, harakisha. Hata kunyonya amekataa."

Nikafungua daftari.

"Oyoo." Mtoto alilia.

"Zedekiah." Alilia.

"Stellah." Alilia zaidi.

Nikafika kwa mama yetu. Nikamwita.

Kimya.

Mtoto alifumbua macho, akanitazama, akapiga mwayo. Ivyne ndiye aliyeanza kulia.

"Ni hilo," sauti ilisema mlangoni.

Yule mgeni alikuwa amesimama nyuma ya Lenox. Sikuwa nimesikia hatua zake.

"Umesikia mwenyewe," alimnong'oneza. "Limejibiwa. Sasa ni langu."

"Lenox... umefanya nini?"

"Ni jina tu, sista. Alisema anataka jina moja ya kwetu, yenye bado inaishi, yenye mtu bado anaweza kuitikia." Akaonyesha sebule kwa mkono. "Mama alishakufa. Hatumii tena. Na wewe angalia hii nyumba!"

"Umeuza jina la mama? Umeuza..."

Nilitaka kulitamka. Mdomo ulifunguka, ulimi ukainuka, na hapakuwa na kitu. Nilimwona Lenox naye akijaribu. Midomo yake ilicheza bure. Nikashusha macho kwenye daftari. Tarehe ya kuzaliwa ya mama ilikuwapo, na ya kufa. Mahali pa jina palikuwa peupe. Hapakufutwa. Palikuwa peupe kana kwamba kalamu yangu haikuwahi kupagusa.

Mtoto alianza tena. Safari hii bila sauti. Kinywa wazi, kifua hakipandi.

"Mwitie mwingine!" Ivyne alipiga kelele. "Sista, mwitie!"

Niliita. Niliita wajomba, mashangazi, mababu ambao hata picha zao hatuna. Midomo ya mtoto ilikuwa ikigeuka bluu. Nikafunua ukurasa wa mwisho. Ukaisha.

Nikasema jina lisilopaswa kusemwa.

"Veronicah."

Mtoto akavuta pumzi. Akanyamaza. Akatabasamu.

Mgeni akanitazama, kwa mara ya kwanza, kuanzia utosini hadi miguuni, jinsi watu wanavyotazama nguo dukani. Kisha akaondoka. Mlango hatukuusikia.

Imepita miezi miwili. Mtoto ni mzima, mnene, na anaitwa kwa jina langu. Mjomba wetu alienda kuutazama msalaba wa mama kule nyumbani. Tarehe zipo, alisema. Jina hakuna. Lenox alilia alipoambiwa, akaapa mbele ya Ivyne kwamba hatarudia. Lakini friji ingali pale pale.

"Nitairudisha wapi, sista?" aliniuliza.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, naandika jina langu daftarini na kulisoma kwa sauti. Hadi sasa halijanikataa.

Jana jioni Lenox alinipigia.

"Sista... kuna kitu imeletwa. Mashine ya kufua nguo. Mimi sijaagiza."

"Imeletwa na nani?"

"Sijui. Imeachwa tu kwa mlango, na karatasi juu." Alipumua. "Imeandikwa kuna jina ingine imejibiwa hapa."

"Lenox. Umeirudisha?"

Nyuma yake nilisikia maji yakiingia... kisha kitu kizito kikaanza kuzunguka, taratibu.