Asiye na Mwenzake

Siku ya ziara ilianza kwa ugomvi wa mikate. Dada yangu, mwalimu wa darasa la nne, alikuwa akiipaka siagi tangu alfajiri. Mimi nikaonja kipande kimoja tu, akanifokea kana kwamba nami ni mwanafunzi wake. Aliniomba nimsaidie kuwachunga watoto safarini, nami nilikubali kwa ajili ya bintiye, ambaye nyumbani tulimwita Kasuku. Mtoto yule alianza kuongea kabla hajafumbua macho, na hakunyamaza mpaka usingizi umshinde.

Dada hakupenda kuita majina safarini. Alisema ukihangaika na mmoja, wengine wanatawanyika. Njia yake ilikuwa hii: kila mtoto ana mwenzake, na wanashikana mikono kutwa nzima. Kabla ya kuondoka mahali, anauliza, "Kila mtu na wake?" Wawiliwawili wananyanyua mikono iliyoshikana. Aliyebaki peke yake anapaza sauti, "Mimi sina!" Hapo hapo anatafutiwa mwenzake. Darasa halikugawanyika sawasawa, kwa hiyo mmoja alibaki kila mara, na huyo akawa Kasuku, maana mtoto wa mwalimu ndiye wa kuwapisha wengine. Yeye alishika mkono wa mama yake.

Tulikwenda kwenye machimbo ya zamani, ambayo siku hizi wanafunzi hupelekwa kuyatazama. Tulipewa kofia ngumu zilizowafunika watoto mpaka kwenye nyusi, wakachekana. Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi, akatuonyesha reli za matoroli na udongo mwekundu unaoganda kwenye kila unachogusa. Alisema zamani watoto walifanya kazi humo, kwa sababu miili midogo hupenya kwenye mashimo membamba. Walishushwa wawiliwawili.

"Na wapo ambao hawakupanda," alisema, kisha akaanza kueleza habari za mawe.

Ndani kabisa, handaki lilipopanuka kidogo, alisimama. "Nitazima taa, mjue giza walilofanyia kazi. Mkae kimya. Huku hatuitani gizani."

Dada alikuwa amemwachia Kasuku mkono ili amfunge mtoto mwingine kamba za kiatu. Taa ikazimika.

Niliweka kiganja mbele ya macho yangu, sikukiona. Mtoto mmoja alianza kulia, akafuata wa pili. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Dada alitaka kuwatuliza tu, akauliza lile analouliza kila mara.

"Kila mtu na wake?"

"Ndiyo!" waliitikia.

"Mimi sina!" Huyo ni Kasuku.

Sauti ikatoka upande wa ndani, tulikokuwa bado hatujafika. Sauti ya mtoto.

"Mimi pia sina."

Watoto wakacheka. Walidhani mmoja wao anatania. Kasuku naye, kwa ule ukarimu wake, akasema, "Njoo basi, tushikane."

Taa ikawaka. Mwongozaji hakuwa akicheka. Kasuku alisimama kando, mkono mmoja ameunyoosha pembeni, vidole vimekunjwa kama vya mtu aliyeshikwa.

Nje kwenye jua, dada aliuliza tena. Mikono yote ikanyanyuka. Kasuku naye akanyanyua wake, peke yake.

"Na wewe?" dada alimtania. "Umenikataa?"

"Nina wangu," alisema.

Kwenye basi aliacha nafasi ya dirishani na hakumruhusu mtu kuikalia. Njia nzima alinong'ona upande ule, akinyamaza kidogo kama anayesubiri jibu. Mkate wake aliukata nusu. Nusu moja aliiweka juu ya kiti kitupu, na tulipofika nyumbani haikuwepo. Nilijiambia imedondoka.

Jioni alilala ukingoni kabisa mwa kitanda. Nikamwambia asogee ndani.

"Huko yupo mwenzangu, mama mdogo. Anaogopa kuanguka tena."

Asubuhi vidole havikufunguka. Mkono ulikuwa baridi kama chuma cha dirisha, na baridi ile ilikuwa inapanda. Ilifika kwenye kiwiko. Daktari aliubonyeza, akaupima, akasema hauna kasoro. Ilipofika begani, Kasuku akaanza kutetemeka chini ya mablanketi, na maneno yake yakapungua. Dada alikaa sakafuni akilia. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu.

Tukarudi machimboni, sisi watatu. Mwongozaji alipouona ule mkono alirudi nyuma.

"Mimi sijawahi kuyaona haya, mwalimu. Nasikia tu kwa walionitangulia. Wanasema amrudishe palepale alipomkuta, amwachie gizani. Mkitoka msigeuke. Na atakayewaita, msimjibu."

"Una hakika?" dada aliuliza.

"Sina."

Tuliingia. Safari hii hapakuwa na kicheko, ila nyayo zetu na maji yanayodondoka. Pale handaki linapopanuka, mwongozaji alizima taa.

"Mwache, mwanangu," dada alinong'ona.

Nilisikia kokoto zikiviringika. Nilisikia pumzi fupifupi, tena si za mtu mmoja.

"Nimemwacha."

Dada akapapasa, akaupata mkono. "Una joto," alisema, sauti ikimkatika. "Umepata joto."

Taa ikawaka mbele yetu. Tukatembea. Dada na mtoto mbele yangu, mimi nyuma. Sikugeuka.

"Mama?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Ndani.

"Mama, mimi sina."

Ilikuwa sauti ya Kasuku. Ninaijua sauti ile. Nimeilea.

"Msijibu," mwongozaji alinong'ona.

Dada alikaza mwendo. Mtoto aliyemshika mkono alitazama mbele tu, wala hakusema neno.

"Mama mdogo! Mama mdogo, mimi sina!"

Nilishika ukuta, nikaendelea.

Nje tulimgeuza mtoto huku na huku. Sura ni yake, kovu la kidevuni ni lake, vidole vinafunguka. Dada alimkumbatia akalia kwa furaha. Tulikubaliana kwamba ile sauti ilikuwa hila ya kile kitu, kwamba kilimwigiza Kasuku ili tugeuke. Pengine ndivyo. Tumekubaliana hivyo mara nyingi.

Lakini jina la Kasuku limekufa, maana mtoto haongei. Ukimuuliza anajibu kwa kichwa. Ni mtiifu, anakula vizuri, analala upande wa ukutani, mbali na ukingo. Dada ameacha kupeleka watoto ziara, na lile swali lake haliulizi tena hata darasani.

Kila asubuhi kikombe anachonywea mtoto maji kinakuwa na alama za vidole vidogo, za udongo mwekundu. Kwetu hakuna udongo huo. Nimekuwa nikiamka mapema kukiosha, dada asije akakiona. Leo nimechelewa kidogo, nikamkuta dada jikoni amenipa mgongo, maji yanatiririka, anakisugua kile kikombe kwa kidole gumba. Hakushtuka. Alikifuta, akakirudisha mahali pake, akaniambia chai ipo tayari.