Haiuzwi Hiyo

Siku hiyo ya gulio pale Manundu, Korogwe, palikuwa hapatoshi. Munira aliingia dukani kwa Hiza, muuza kompyuta, kiatu kimoja kilichokatika mkononi, dera lake la zambarau limejaa vumbi jekundu. Alikuwa afisa ugani. Leo yuko Kwedizinga kwenye mahindi, kesho yuko Dindira kwenye chai, maisha yake yote juu ya bodaboda.

"Kaka, nataka laptop. Niliyonayo imenivunja mgongo."

Hiza, shati jeupe, bisibisi nyuma ya sikio, alimtazama mpaka akasahau kumkaribisha.

"Unafanyia nini, dada?"

"Ripoti na takwimu za wakulima. Sichezi gemu mie."

"Basi usihangaike na kioo kikubwa. RAM nane inakutosha. Chukua yenye diski ya SSD, haiogopi mtikisiko wa pikipiki. Betri ikae saa saba, uzito usizidi kilo moja na nusu. Shika hii."

"Nzito."

"Hii je?"

"Vitufe vyake vigumu."

"Eh! Dada, unachagua laptop au mchumba?"

"Vyote navipima kwa mkono."

Wakacheka. Ndipo Munira akaiona nyingine juu ya rafu, ndogo, ya kijivu, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Na ile?"

"Haiuzwi hiyo," Hiza alisema haraka.

Lakini mkono wa Munira ulishafika. Ilikuwa nyepesi kama daftari. Aliifunua tu, ikawaka kabla hajabonyeza kitu. Hiza akajifuta jasho. Akatazama laptop, akamtazama Munira, na moyo ukamshinda.

"Njoo kesho," akasema. "Nitaitia diski mpya kwanza."

Kesho yake akampa, na namba yake ya simu juu. Jamani, simu zilizofuata! "Umefika salama, mpenzi?" "Nimefika, ila mgongo unakuulizia." Kwa wiki nzima walibembelezana hivyo. Munira alikuwa na kidonda chake: kule Chanika aliwahi kudanganywa na mume wa mtu, akaapa kwamba hagawani mwanaume tena na yeyote. Kwa Hiza akaanza kuamini.

Siku ya nane alikuwa peke yake katika ofisi ya kata, Kwedizinga, jua la saa kumi linachoma bati. Laptop ilikuwa imefungwa, iko ndani ya begi. Sauti nyororo ya mwanamke ikatoka humo.

"Mume wangu Hiza, saa kumi hiyo. Umekula?"

Munira akapiga simu.

"Hiza, una mke?"

"Sina, Wallahi!"

"Kuna mwanamke anakuita mumewe humu ndani!"

Hiza akasema kwa sauti ndogo, "Haiwezekani. Nilitoa diski. Nilifuta kila kitu."

"Kumbe ulifuta ushahidi!" Munira akakata simu, akalia kwa sauti.

Hakupokea tena. Lakini kesho yake saa kumi, Dindira, ukungu umefunika majani ya chai, sauti ikamwita tena Hiza mumewe. Keshokutwa yake pia. Siku ya nne Munira aliiacha laptop mpaka chaji ikaisha kabisa, kioo kikawa cheusi. Saa kumi ilipofika, laptop ikasema, "Mume wangu Hiza, umekula?"

Asubuhi yake akaipeleka nyumbani kwa Hiza, Korogwe. Akakuta mikeka, masufuria ya pilau, na watu wanatoka kwenye dua.

"Shikamoo mama," akamsalimia mwanamke mmoja mlangoni. "Msiba wa nani?"

"Marahaba mwanangu. Leo ni arobaini ya Bibi Fatu, bibi yake Hiza."

Hiza akatokea, amekonda, kanzu inampwaya. Wakakaa pembeni.

"Laptop hiyo ilikuwa ya bibi, na sauti ni yake," akasema. "Aliirekodi humo mwenyewe inikumbushe kula, maana nikishika kazi sili. Si unajua bibi anavyomwita mjukuu?"

"Mume wangu," Munira akajibu taratibu. "Hata babu yangu ananiita mkewe. Lakini sauti ile ya msichana!"

"Ndiyo yake. Mpaka uzeeni watu walimtongoza kwenye simu." Akainamisha kichwa. "Wazee walikataza kitu chake kutoka kabla ya arobaini. Mimi nikakitoa, kwa sababu nilishindwa kukuambia hapana. Niwie radhi."

Munira aliona haya, na mapenzi yakamrudia yote kwa mpigo.

"Umekula leo?" akauliza.

"Tangu ukate simu sili vizuri. Munira, nilete wazee kwenu? Nataka nikuoe."

"Walete. Lakini sigawani mwanaume, umesikia?"

Wakabaki wanaongea mpaka wageni wakaondoka mmoja mmoja, sahani ya pilau katikati yao haijaguswa. Laptop ilikuwa mkekani, haina chaji. Saa kumi ikafika. Wote wawili wakaitazama. Kimya. Hiza akashusha pumzi.

Kisha sauti ile nyororo ikasema neno ambalo hakuna aliyewahi kulirekodi.

"Mke mwenzangu, saa kumi hiyo. Mpe ale."

Munira akaisogeza sahani mbele ya Hiza.

"Kula, Hiza," akasema. "Kula, anakutazama."