Wimbo Uliovuka Ruvuma

Jua lilikuwa limezama. Shakila alipakua ugali wa muhogo na kisamvu. Mumewe, Jafari, alinawa mikono. Watoto wao wawili, Nuria na mdogo wake Ashraf, walikaa mkekani wakisubiri.

Wakala. Hakuna aliyesema neno.

Haukuwa ugomvi. Ilikuwa sheria ya nyumba: Kiswahili tu.

"Mama Nuria, naomba chumvi," Jafari alisema.

Shakila akamsogezea kikopo.

"Sema, chumvi hii hapa," Jafari akamwambia.

"Chumvi... hii hapa," Shakila akasema taratibu.

"Safi! Unaona? Unaweza."

Shakila akatabasamu kidogo. Ndiyo, chumvi aliiweza. Mengine yote yalibaki kifuani.

Jafari alizaliwa katika kijiji kimoja karibu na Makote, wilaya ya Newala. Alipokuwa kijana alivuka mto Ruvuma, akaenda Msumbiji. Huko Mueda alitengeneza pikipiki, akamwoa Shakila. Shakila alikuwa Mmakonde kama yeye. Wamakonde wako pande zote mbili za mto. Waliishi vizuri. Kisha baba yake Jafari akafariki, na mikorosho yake ikabaki bila mtu wa kuipalilia. Mwezi wa saba Jafari akaileta familia yake yote Tanzania.

Nuria alikuwa na miaka kumi. Kule Mueda alisoma darasa la nne. Shuleni walisoma kwa Kireno, nyumbani waliongea Kimakonde. Kiswahili alijua salamu tu. Kwa hiyo shule ya kijiji ikampeleka darasa la kwanza. Alikaa na watoto wa miaka sita. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati lao.

Siku aliyoanza shule, baba yake alimwita.

"Kuanzia leo, Kimakonde marufuku. Nyumbani marufuku. Shuleni ndiyo kabisa! Ni Kiswahili tu. Umesikia?"

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe, Mama Nuria. Nawatakia mema."

Nuria alikuwa mtoto mtiifu. Akaishika sheria kama ilivyosemwa. Ashraf alikuwa na miaka mitano, na sheria haikumwingia kichwani. Kila asubuhi alitoroka kwenda kucheza na watoto wa jirani. Waliongea Kimakonde, wakachanganya na Kiswahili, wakagombana kwa lugha zote mbili. Baada ya muda mfupi Ashraf alikuwa akitukana kwa Kiswahili safi. Mama yake alimfinya sikio, lakini moyoni alishangaa. Huyu amejifunzia wapi?

Nuria hakujifunza kitu. Alizidi kunyamaza.

Kule Mueda, kila baada ya chakula, Shakila alisimulia hadithi. Nuria aliitikia nyimbo za hadithi kwa sauti mpaka majirani wakacheka. Alikuwa na maswali yasiyoisha. "Mama, huyu fisi hana mama yake wa kumkanya?" Hapa, hadithi zilikufa. Shakila aliweza kuomba chumvi kwa Kiswahili. Hakuweza kumfanya mtoto wake acheke.

Jioni ile, Jafari alipomaliza kula, aliingia ndani. Akatoka na begi jipya la bluu. Akalitundika kwenye msumari mlangoni.

"Nimeitwa shuleni," alisema. "Mwalimu anasema Nuria haongei. Tangu aje, hajaongea na mtu. Haandiki, hachezi. Anakaa tu. Sasa nimeamua. Korosho zikishauzwa, atarudi Mueda akaishi na bibi yake. Asome kule alikozoea."

Nuria aliinamisha kichwa. Shakila akaweka chini tonge lake. Mtoto wake, peke yake, ng'ambo ya mto! Alikuwa na maneno mengi ya kusema. Mengi mno. Akayatafuta kwa Kiswahili.

"Baba Nuria," alianza. "Mtoto... hapana."

Akakwama. Machozi yakamlenga. Jafari akamtazama kwa huruma, lakini begi likabaki msumarini.

Asubuhi iliyofuata sauti ilisikika uani.

"Hodi! Mama Nuria, umelala na nani mpaka saa hizi?"

Alikuwa Mama Esther, jirani yao, mama mnene mwenye vicheko. Yeye hakuwa na sheria ya mtu. Aliongea Kimakonde kwa nguvu zake zote.

"Leo ni zamu yangu kupika uji wa shule, na mwenzangu anaumwa. Twende unisaidie."

"Mimi niende shuleni? Nitasema nini na walimu?"

"Nani kakwambia useme? Utakoroga uji. Uji nao unataka Kiswahili?"

Shakila akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu wiki ile ianze. Akajifunga kanga, wakaenda.

Jiko la shule lilikuwa nyuma ya madarasa. Shakila alishika mwiko mrefu. Moshi ulimwingia machoni. Kengele ya mapumziko ikalia, na watoto wakamwagika uwanjani kama kumbikumbi. Wasichana wakashikana mikono, wakafanya duara, wakaanza kuimba.

Mwiko ukasimama mkononi mwa Shakila.

Aliujua wimbo ule! Ulikuwa wimbo wa kuita mvua. Aliuimba alipokuwa mdogo, huko Mueda, na mama yake aliuimba kabla yake. Nuria naye aliimbiwa akiwa mgongoni. Maneno yalikuwa yale yale ya Kimakonde, na makofi yalipigwa pale pale.

"Mama Esther," alisema, "hawa watoto wanaongea Kimakonde?"

"Sasa wewe ulidhani wanaongea Kichina? Darasani ni Kiswahili. Wakitoka hapo, ni Kimakonde mpaka nyumbani."

Shakila akatafuta kwa macho. Akamwona Nuria. Alisimama peke yake ukutani, mikono nyuma. Mdomo ulikuwa umefungwa. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa unagonga chini, taratibu, ukifuata wimbo.

Shakila aliuacha mwiko. Alivuka uwanja. Akapiga magoti mbele ya mtoto wake, akasema kwa Kimakonde, "Mwanangu, wimbo huu unaujua. Kwa nini huimbi na wenzako?"

Nuria akaangalia kulia na kushoto. Akanong'ona, "Baba amekataza. Alisema shuleni ndiyo kabisa."

"Hata kwenye michezo?"

"Wananiita tucheze. Wananiita kwa Kimakonde. Kiswahili cha kuwajibu sina, na Kimakonde nimekatazwa. Basi nanyamaza." Sauti ikatetemeka. "Mama, wanasema naringa. Mimi siringi."

Shakila akamkumbatia palepale, mbele ya shule nzima.

Esther, binti wa jirani, alisogea. Alikuwa wa umri wa Nuria, lakini alisoma darasa la tatu. "Kumbe Nuria anajua Kimakonde!" alipiga kelele. "Sisi tulijua anajua kizungu cha Msumbiji tu!"

Mwalimu wa darasa la kwanza alisikia kelele, akatoka. Aliitwa Mwalimu Ursula. Watoto wakasema kwa pamoja, "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Kuna nini?"

Mama Esther alikuja mbio, mikono ina unga. Shakila akamweleza kwa Kimakonde, naye akayaeleza yote kwa Kiswahili. Mwalimu alimsikiliza, akamtazama Nuria kwa muda mrefu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Mimi natoka Kasulu, Kigoma. Kimakonde sijui hata neno la kuombea chumvi. Nilijua una Kireno tu. Sikuuliza." Kisha akamgeukia Shakila. "Mama Nuria, baba yupo nyumbani jioni?"

Mama Esther akatafsiri.

"Yupo," Shakila alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili.

Jioni Jafari alikuwa uani, anachambua korosho. Nzuri aliziweka huku, mbovu kule. Alipomwona mwalimu anakuja na Mama Esther, aliinuka haraka akatoa kigoda.

"Karibu, Mwalimu. Nuria amefanya nini tena?"

"Ametii," Mwalimu Ursula alisema. "Ametii mno."

Akamweleza kilichotokea. Jafari alisikiliza, uso umekunjamana.

"Mwalimu, mimi nilitaka ajue Kiswahili haraka. Ni kosa?"

"Kutaka si kosa, Baba Nuria. Njia ndiyo imekosewa. Wewe ni fundi pikipiki, sivyo? Ukiletewa pikipiki ya aina usiyoizoea, unaanza kujifunza ufundi upya?"

"Hapana. Injini ni injini. Natafuta tu kila kitu kimewekwa wapi."

"Basi. Nuria ana akili ya darasa la nne. Hesabu anazo, kusoma anajua. Aliyapata hayo yote kwa Kireno na Kimakonde. Sasa anatafuta maneno ya Kiswahili tu. Lugha ya nyumbani haiifukuzi lugha ya shule, inaisaidia. Mimi nilianza shule naongea Kiha kitupu. Mama yangu hakuacha kuniimbia kwa Kiha hata siku moja. Na leo nafundisha Kiswahili."

"Na Ashraf je?" Mama Esther akadakia. "Ashraf amevunja sheria yako kila siku, na ndiye anayejua Kiswahili! Jana ameniita kibogoyo!"

Jafari hakucheka. Aliigeuza korosho moja vidoleni.

"Nilipokuwa mdogo," alisema polepole, "niliomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kimakonde. Mwalimu akanivisha kibao cha aibu shingoni. Nikakaa nacho mpaka jioni. Watoto walinizunguka wakinicheka. Mpaka leo nikikumbuka, shingo inauma." Akanyanyua macho. "Sikutaka mwanangu avae kibao."

Mwalimu Ursula aliongea kwa sauti ya chini sana.

"Shuleni kwetu kibao hakipo tena, Baba Nuria. Umemvisha wewe."

Korosho ilidondoka kutoka mkononi mwa Jafari. Hakuiokota.

"Si kosa lenu peke yenu," Mwalimu aliendelea. "Sisi nasi tulimweka darasa la kwanza bila kumpima. Kesho njoo naye, wewe na mama yake. Wazazi wanaohamia mahali wasisubiri kuitwa. Waje watuambie mtoto alifika darasa gani, anajua lugha gani, anapenda nini, anaogopa nini. Tutampa hesabu tuone. Na akae na Esther, amsaidie."

"Naomba umpokee, Mwalimu," Jafari alisema. "Na utusamehe."

Usiku ule walikula tena mkekani. Kimya. Jafari akanawa mikono, akajikohoza.

"Mama Nuria, tuhadithie."

Shakila akamkazia macho. "Kwa lugha gani?"

Jafari akajibu kwa Kimakonde, "Kwa ile niliyokuposea."

Shakila akaziba mdomo kwa kanga. Alicheka na kulia pamoja. Kisha akaanza. Maneno yalitoka kama maji yaliyofunguliwa. Fisi akaingia, sungura akaingia, Ashraf akapanda mapajani. Wimbo wa hadithi ulipofika, sauti moja nyembamba ikaitikia. Ilikuwa sauti ya Nuria. Mwanzo ilitetemeka. Mara ya pili ikasimama imara. Mara ya tatu Mama Esther akaitikia kutoka kwake, ng'ambo ya uzio.

Jafari aligeuza uso gizani.

Kesho yake Nuria alipewa hesabu ubaoni. Alizifanya zote, tena haraka. Walimu wakakubaliana aingie darasa la tatu, akae dawati moja na Esther. Magoti yake yakapata nafasi. Asipoelewa neno, alimuuliza Esther kwa Kimakonde, na Esther alimjibu kwa Kiswahili. Jioni alimfundisha mama yake maneno mapya. Mama naye alimpa hadithi. Zamu za uji Shakila hakuzikosa. Akajuana na wazazi wenzake na walimu.

Nuria hakuwa bingwa kwa siku moja. Alikosea sana. Watoto walimcheka, naye akawacheka pale walipojaribu kuhesabu kwa Kireno. Siku moja Mwalimu Ursula alikuja darasa la tatu, akamwomba amweleze ule wimbo wa mvua una maana gani. Nuria na Esther walikaa chini, wakakuna vichwa, wakapanga maneno. Kisha Nuria akasimama mbele ya darasa, akauimba kwa Kiswahili:

Mvua, mvua, shuka,
jaza mtungi wa mama;
njia ya kisima ndefu,
miguu imeniuma.

Mwalimu akaomba afundishwe na ule wa Kimakonde. Aliimba vibaya mno. Darasa zima likagaragara kwa kicheko.

Korosho zikauzwa. Shule zikafungwa mwezi wa kumi na mbili. Asubuhi moja Nuria alilivuta begi la bluu kutoka msumarini. Akatia nguo zake ndani. Shakila naye akafunga mzigo wake na wa Ashraf. Jafari akawasindikiza mpaka mtoni. Walivuka Ruvuma kwenda Mueda, kumsalimu bibi.

Bibi aliwapokea kwa vigelegele. Alimpapasa Nuria mabegani, akamtazama, akaliona begi.

"Baba yako aliniletea habari kwamba utakuja kukaa nami," alisema. "Umekuja kukaa, mjukuu wangu?"

Shakila alishusha pumzi. Hakumjibia mtoto.

Nuria alifungua begi. Chini ya nguo kulikuwa na daftari la Kiswahili na kipande cha chaki.

"Nimekuja kukusalimu, Bibi," alisema kwa Kimakonde. "Na kukufundisha. Lakini siku si nyingi. Shule ikifunguliwa lazima niwepo, Esther ananiwekea nafasi."

Kisha akapiga goti mbele ya bibi yake, akasema kwa sauti ambayo wote uani waliisikia:

"Shikamoo, Bibi. Sasa wewe unajibu, marahaba."