Jina la Kumi na Mbili

Rafiki yangu Wavinya hapendi kusimulia haya. Mwaka wa 2003 alikuwa karani wa maabara moja mjini Machakos, na kila Ijumaa mchana alituma Nairobi, kwa kompyuta na laini ya simu, majina ya waliopatikana na saratani, pamoja na umri wao, ili yaingizwe kwenye sajili.

Ijumaa hiyo yalikuwa majina kumi na moja. Alipobonyeza tu, stima ikapotea. Chumba kile hakikuwa na dirisha, kikawa giza totoro. Lakini modemu iliendelea kulia, kwa ile sauti yake ya mtu anayesaga meno.

"Maundu, wacha mchezo," alimwambia mwenzake.

"Mimi niko huku nje," Maundu akajibu kutoka uani.

Stima iliporudi, jibu la Nairobi lilikuwa kwenye skrini: yamepokelewa majina kumi na mawili. La mwisho lilikuwa Ndila Kyalo.

Huyo alikuwa mama mkwe wake, aliyefariki kwa saratani zamani. Wavinya akaona hapo kuna mkono wa mtu.

"Nani alikutuma ufukue faili ya mama?"

"Sijaigusa. Pengine ni ya zamani imejiingiza tu."

Alitamani kuamini. Marehemu hana la kuogopa tena. Kisha akamkumbuka binti yake wa darasa la pili, aliyeitwa kwa jina la nyanya yake kama ilivyo desturi ya Wakamba, na polepole akapeleka macho kwenye safu ya umri.

Miaka saba.